Wimbo Ukivuma, Mtunzi Huenda Wapi?

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huieleza barabara katika mitihani yao. Hata hivyo, wapo wanyonge ambao sisi wenyewe, walimu na wanafunzi, twawanyonga kila siku bila ya kuwapa haki hiyo. Hao ni watunzi wa nyimbo zilizovuma, vile vibao vya taarab na vya muziki wa dansi ambavyo kila mtu anavijua, na ambavyo ni wachache mno wawezao kusema vilitungwa na nani.

Kila mwaka ninapoanza kufundisha mada ya mitindo ya lugha, huwaomba wanafunzi wangu waandike majina ya nyimbo tatu za Kiswahili wanazozijua tangu utotoni. Majibu huja upesi. Wengine huanza hata kuziimba chini kwa chini huku wakiandika. Kisha huwaomba wataje mtunzi wa kila wimbo. Hapo kalamu husimama. Baadhi huandika jina la mwimbaji waliyemwona kwenye runinga, wengine huandika "wimbo wa jadi", na wengi huandika kwa unyofu kabisa kwamba mtunzi hajulikani. Kumbe nyimbo wanazozitaja si za jadi hata kidogo. Zilitungwa na watu wenye majina, wakazirekodi katika studio zinazojulikana, na mara nyingi katika miaka inayojulikana.

Je, ni kwa nini basi wimbo uzidipo kuvuma ndivyo mtunzi wake azidivyo kufifia? Swali hili si la wanamuziki peke yao. Ni swali la lugha, na kwa maoni yangu ni swali la darasani pia. Ili tulijibu, hebu tupitie baadhi ya vituo vikuu katika safari ya vibao vya Kiswahili, tuone katika kila kituo jina la mwenyewe lilibaki au lilidondoka njiani.

Kituo cha kwanza ni mwaka 1928. Mwaka huo wapenzi wa isimu huukumbuka kwa jambo moja: mkutano uliofanyika Mombasa ambapo lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini katika mwaka uo huo kulitokea jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya historia ya lugha hulipita kimya. Mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, wakarekodi nyimbo zao katika santuri za kampuni ya HMV. Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia iliyotokana na watumwa, na inasimuliwa kwamba kabla ya kuimba alikuwa akitembeza vyungu mjini. Taarab iliyokuwa ikiimbwa katika jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, lugha waliyoielewa wachukuzi, wavuvi na wapishi, na akaimba habari za mji wao zikiwamo dhuluma na kesi za mahakamani. Hivyo basi, wakati wataalamu walipokuwa wakiamua mezani Kiunguja kiandikwe vipi, santuri zilikuwa zajiandaa kukipeleka Kiunguja hicho mpaka kwenye masikio ya watu wasiojua kusoma.

Jina la Siti limebaki. Kwa nini limebaki? Kwanza liliandikwa kwenye kibandiko cha santuri. Pili, Shaaban Robert alikaa kitako akaandika wasifu wake, na wasifu huo ukasomwa na vizazi vya wanafunzi. Zingatia jambo hili, msomaji, maana tutalirudia: jina lililobaki ni jina lililoandikwa.

Kituo cha pili ni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hapa twakutana na wimbo ambao bila shaka ndio uliosafiri kuliko wote katika lugha yetu. Nauzungumzia wimbo "Malaika". Kijana Fadhili William, mzaliwa wa Taita-Taveta, aliurekodi pamoja na bendi ya Jambo Boys mnamo mwaka 1960 hivi, kisha ukarekodiwa tena katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi. Baada ya hapo ulipata miguu. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, na mwaka 1965 ukatoka katika santuri yake na Harry Belafonte, santuri iliyotuzwa Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Boney M. liliuimba mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi mwaka 1991. Hadi leo ukiwauliza wageni wengi ni wimbo wa nani, watakujibu pasi na kusita kwamba ni wa Makeba.

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Fadhili William alidai kwa miaka mingi kwamba wimbo ni wake, na ndiye aliyetambuliwa katika masuala ya mirabaha. Lakini walitokea wengine waliodai kuwa ndio walioutunga, akiwemo Mtanzania Adam Salim aliyesema aliutunga katika miaka ya 1940. Fadhili William aliaga dunia mwaka 2001, na mabishano yakaendelea baada yake. Sikusudii kuwa hakimu wa shauri hilo. Nalitaja kwa sababu latuonyesha kwamba wimbo unapoimbwa kwa muda mrefu pasipo maandishi kuufuata, hata walio hai na wanaokumbuka hushindwa kukubaliana. Laiti jina la mtunzi lingaliandikwa siku ile ile ya kwanza, pasingekuwa na la kubishania.

Kama mwanaisimu, huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba wimbo huo wote umeegemea kiambishi kimoja: -nge-. Ni wimbo wa kijana anayetaka kuoa naye hana mali. Mali ingekuwapo, ndoa ingekuwapo. Ukikiondoa kiambishi hicho cha masharti na kutia -ta- ya wakati ujao mahali pake, huzuni yote hutoweka, na pale palipokuwa na kilio hubaki tangazo la harusi. Sarufi ya -nge- na -ngali- huwatatiza wanafunzi wengi, na walimu hutafuta mifano kwa tochi. Mfano bora ndio huo, nao wanafunzi wameuhifadhi tayari. Yule aliyekichagua kiambishi hicho na kukiweka mahali pake alikuwa fundi wa lugha, na fundi hustahili kutajwa pale kazi yake inapotazamwa.

Katika miaka iyo hiyo alikuwapo Daudi Kabaka, bingwa wa mtindo wa twisti ya Kiafrika, naye pia wa Equator Sound. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, na mwaka 1968 ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya vibao vya nchi hiyo. Fikiria, msomaji: miaka mitano tu baada ya Uhuru wa Kenya, vijana wa Uingereza walikuwa wakicheza tungo la mwanamuziki wa Kenya. Jina la Kabaka liliandikwa miongoni mwa watunzi, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Kenya leo wanaojua habari hiyo? Kabaka naye alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule aliofariki Fadhili William. Nguzo mbili za muziki wetu zilianguka katika mwaka mmoja, na shuleni masomo yakaendelea kama kawaida.

Kituo cha tatu ni miaka ya 1970 na 1980, wakati Nairobi ilipokuwa soko kuu la santuri katika kanda hii. Wanamuziki kutoka Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, na kutoka Tanzania walimiminika humo. Miongoni mwao ni Orchestra Super Mazembe, bendi ambayo jina lake halitengani na wimbo "Shauri Yako". Ukipigwa popote katika Afrika Mashariki, watu husimama kucheza na kusema, "Hao ni Mazembe!" Walakini wimbo huo ulitungwa na kurekodiwa kwanza na Nguashi Ntimbo, Mkongo mwenzao. Mazembe waliupiga kwa namna yao, nao wakaupiga vizuri mno, hata upigaji wao ukamfunika mwenye wimbo. Hakuna aliyeiba chochote hapa. Ndivyo kibao kinavyofanya kazi: sauti ya mwisho kusikika ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza.

Twaingia sasa katika kituo cha nne, mwaka 1982. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za Pwani, ilitoa wimbo "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Ulikuwa wimbo mwepesi wa kuwakaribisha wageni. Mwaka uliofuata Boney M. wakauimba kwa namna yao, na baadaye waimbaji wengi wakaufuata. Pengine hakuna mwalimu wa Kiswahili duniani aliyewafundisha watu wengi maneno ya mwanzo ya lugha hii kuliko wimbo huo.

Najua wapo walimu wanaoukunjia uso. Husema kwamba hakuna Mswahili anayemwamkia mwenziwe kwa neno "jambo" likiwa tupu, kwa kuwa maamkizi yenyewe ni "hujambo" na jibu lake ni "sijambo", yaani huna jambo nami sina jambo. Kweli kabisa. Kikanushi kimedondoshwa, na kwa kudondoshwa kwake maana imegeuka juu chini: badala ya kumuuliza mgeni kama hana jambo, tunampa jambo zima mkononi! Lakini umbo hilo halikuzuliwa na Them Mushrooms. Lilitumika baina ya wenyeji na wageni kabla yao. Mtunzi alilichukua kama alivyolisikia mahali pake pa kazi, na kwa hiyo wimbo wake ni ushahidi wa jinsi lugha inavyopunguzwa makali ili mgeni aweze kuimeza. Mwalimu mwenye busara hataukataza. Ataupeleka darasani, ataueleza, kisha atataja jina la aliyeutunga.

Hapa ndipo panapozuka hoja ambayo wanafunzi wangu hawakosi kuitoa. Husema, "Daktari, maneno hayo ni yetu sote. Salamu ni za kila mtu. Mtunzi amechukua mali ya umma, basi akilalamika kwamba umma umechukua wimbo wake, analalamikia nini?" Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Hebu tuitazame kwa mfano wa maneno mawili: hakuna matata.

"Matata" ni neno la siku nyingi, ndugu wa "kutatiza" na "kutatanisha". Picha iliyomo ndani yake ni ya uzi uliofungamana hata haufunguki. Maneno "hakuna matata" yalikuwa midomoni mwa watu kabla ya bendi yoyote. Yakaingia katika vibao vya 1982 na 1983. Kisha mwaka 1994 kampuni ya Disney ikatoa filamu ya The Lion King, ambamo mna wimbo wenye jina hilo, muziki ukiwa wa Elton John na maneno yakiwa ya Tim Rice. Disney haikuishia hapo. Iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2003 yakasajiliwa Marekani. Mwaka 2018 habari hizo zilipoenea, watu wengi walighadhibika na kutia saini ombi la kuitaka kampuni iyaachilie. Ni kweli kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuyasema maneno hayo, wala kuyaimba. Inahusu bidhaa. Lakini ghadhabu ile ilikuwa na msingi wa haki: maneno mawili ya lugha ya watu ni ya watu, na hayapaswi kuandikishwa kwa jina la mtu mmoja.

Basi mpaka u wapi? Mpaka u pale pale ambapo kila mwalimu wa insha anaufahamu. Maneno ni ya wote, mpangilio ni wa mtunzi. Methali ni ya wote, insha ni ya mwanafunzi. Twamwadhibu mwanafunzi anayenakili insha ya jirani yake, wala hatukubali akijitetea kwamba maneno yote yaliyomo yanapatikana katika kamusi. Kwa nini basi tukubali utetezi huo huo katika wimbo? Waliokasirika mwaka 2018 kwa ajili ya maneno mawili walikuwa na haki, lakini wangapi kati yetu tumewahi kukasirika kwa ajili ya nyimbo nzima nzima zinazoimbwa bila jina la mwenyewe?

Kituo cha tano ni mwaka 2002. Vijana wawili wa Nairobi, Gidi Gidi na Maji Maji, walitoa wimbo "Unbwogable". Neno lenyewe ni kazi ya kifundi katika uundaji wa maneno: shina la Kijaluo lenye maana ya kutisha, limevishwa kiambishi awali na kiambishi tamati vya Kiingereza, likawa na maana ya asiyeweza kutishika. Wanasiasa wa muungano wa NARC walilidaka katika kampeni za uchaguzi wa mwaka huo, na likawa kauli ya taifa zima. Katika muda mfupi neno lililozaliwa katika wimbo wa vijana wawili lilikuwa midomoni mwa wazee wa chama, wahubiri na wachuuzi. Nani aliwakumbuka wenye neno? Wengi walilisikia kwanza kwenye mkutano wa hadhara, na kwao neno likawa la siasa na wala si la wimbo.

Kwa kuvipitia vituo hivi vyote, nimefika kwenye maelezo ambayo naamini ni ya kiisimu. Kibao hujengwa kwa nafsi ya kwanza na nafsi ya pili. Kina "ni-" na kina "-ku-": mimi nakupenda, mimi nakulilia, mimi nakukaribisha, mimi sitishiki. Sasa kiambishi "ni-" kina tabia ya ajabu. Hakina mwenyewe wa kudumu. Ni cha yeyote afunguaye kinywa. Anayeimba wimbo wa mapenzi jikoni au ndani ya matatu hasimulii mapenzi ya Fadhili William; anasimulia yake. Wimbo unaposhinda kabisa, kila mwimbaji huingia ndani ya "ni-" hiyo kama aingiavyo katika vazi linalomkaa sawasawa, na mshonaji husahauliwa. Kwa hiyo kusahauliwa kwa mtunzi si ajali, na wala si kwa sababu wasikilizaji ni watovu wa shukrani. Kunatokana na ubora wa kazi yake mwenyewe.

Je, washairi wetu wa kale hawakulijua jambo hili? Walilijua sana. Ndiyo maana walikuwa na desturi ya kutia jina lao ndani ya utungo, na mara nyingine hata tarehe, katika beti za mwisho. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomuusia binti yake katika utendi maarufu wa mwaka 1858, hakuliacha jina lake liwe la kukisiwa. Alilifunga ndani ya ubeti, pamoja na mwaka wa utunzi kwa hesabu ya Kiislamu. Anayeukariri utendi mzima hulazimika kumtaja mwenyewe, apende asipende. Wanaodai kwamba kumjali mtunzi ni jambo la kigeni, na kwamba Mwafrika hutunga kwa niaba ya jamii asijali jina, na wautazame ushahidi huu kabla ya kusema.

Tena desturi hiyo haijafa. Sikilizeni nyimbo za vijana wa leo, za Bongo Flava na za hapa kwetu. Kabla ya beti kuanza, mwimbaji hujitaja, au humtaja mtayarishaji wa studio. Wazee hulalamika kwamba ni majigambo. Mimi naona ni ule ubeti wa mwisho wa watendi, umehamishwa tu kutoka mkiani hadi kichwani. Vijana hao wamejifunza kutokana na yaliyowapata waliotangulia: katika ulimwengu ambao wimbo huruka kutoka simu hadi simu bila kibandiko cha santuri, jina lisilofungwa ndani ya sauti yenyewe hupotea.

Na jina si pambo. Pesa hulifuata jina. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufariki kwake. Haki ya rekodi yenyewe ni nyingine, nayo ina muda wake. Marekebisho ya mwaka 2022 yalitenga angalau asilimia 52 ya mapato ya nyimbo zinazotumiwa kama milio ya simu ziwe za msanii au mwenye haki. Hayo ni mafanikio yasiyokuwapo siku za Kabaka. Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983 tu, wakati vibao vingi nilivyovitaja vilikuwa vimekwisha kuzunguka dunia. Hata hivyo, sheria iliyo bora kupita zote haiwezi kumlipa asiyejulikana. Mjane au yatima wa mtunzi aliyekufa ana haki ya miaka 50, lakini kwanza ni lazima pawe na mtu anayejua kwamba wimbo ulikuwa wa marehemu.

Sasa nageukia kwetu, walimu wenzangu. Vitabu vyetu hugawa fasihi sehemu mbili. Upande mmoja ni fasihi andishi, ambayo ina waandishi wenye majina. Upande wa pili ni fasihi simulizi, ambayo, kama tunavyowakaririsha wanafunzi, ni mali ya jamii nzima. Nyimbo tumezitia upande wa pili. Kwa bembezi, nyiso, hodiya na mbolezi za kale, uainishaji huo unafaa. Lakini kibao cha santuri hakiko huko. Kina mtunzi kama riwaya ilivyo na mwandishi, ila kinasafiri mdomoni kama ngano. Kwa kuwa hatukukitengea mahali, mwanafunzi hukiweka mahali pasipo na majina. Ndipo anapoandika "wimbo wa jadi" juu ya karatasi yangu chuoni. Hakukosea kwa uvivu. Anatumia kanuni ile ile tuliyomfundisha.

Tiba yake si ghali. Kila tunapotumia wimbo darasani, iwe kwa kufundisha sarufi, tamathali za usemi au matamshi, tuandike ubaoni mambo matatu: nani alitunga, nani aliimba, na ulirekodiwa lini na wapi. Mambo hayo ni tofauti, na tofauti zake zenyewe ni somo. Mwanafunzi akijua kwamba Nguashi Ntimbo alitunga na Super Mazembe wakavumisha, amejifunza kumtenga mtunzi na mtendaji, jambo ambalo litamfaa pia katika uchambuzi wa tamthilia. Pale ambapo utunzi unabishaniwa, kama katika "Malaika", aelezwe kwamba unabishaniwa na atajiwe wanaodai. Kwaya za shule zinazorekebisha vibao kwa ajili ya tamasha za muziki nazo zitaje kimetoka kwa nani kabla ya kuimba. Sentensi moja yatosha.

Na ninyi wanafunzi, mna kazi ambayo sisi wa umri wangu hatuwezi kuifanya peke yetu. Wapo wazee katika vijiji na mitaa yenu waliopiga magitaa, waliotunga beti, waliokuwa studioni Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Waendeeni na daftari mkiwa na adabu. Waulizeni walitunga nini, na nani, mwaka gani. Andikeni. Shaaban Robert alimfanyia hivyo Siti, na ndiyo sababu mimi nanyi twaweza kulitaja jina lake leo bila kubishana. Wale waliotunga vibao vya miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua kila mwaka, na wengi wao bado hawajaandikiwa hata ukurasa mmoja.